Mkanda Uliobaki Kamerani

Siku Hanna alipokwenda Moshono kudai kamera ya marehemu baba yake, hakubisha hodi. Alisukuma geti, akapita katikati ya makopo ya maua ya Fransiska, akaingia sebuleni na viatu vyake vyenye tope. Nyuma yake alifuata baba yake mdogo, Sifaeli, aliyekuwa amevua kofia na kuishika mbele ya tumbo, kwani yeye alijua kwamba nyumba ya mjane haiingiwi hivyo.

Fransiska alikuwa mezani akichambua mchele. Alimpa shemeji yake kiti na kumuuliza habari za kijijini kwao, Akheri. Hakumkaribisha Hanna, na Hanna hakumwamkia. Tangu mwanamke huyo aolewe na baba yake, hakuwahi kumpa shikamoo, si kanisani wala msibani, na sasa alikuwa mtu mzima aliyezoea kuinyima kama wengine wanavyozoea kuitoa.

Chuki hiyo ilikuwa na mwanzo wake. Mama yake Hanna alizikwa Akheri, nyuma ya nyumba, kando ya mibuni aliyoipalilia maisha yake yote. Mwaka haukuisha, Mzee Anaeli akamwoa Fransiska, Mkatoliki wa Kibosho mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Arusha. Kibaya zaidi machoni pa ukoo, hakumleta mke Akheri. Alihamia yeye kwa mke, akabeba nguo zake, karai zake za dawa za kusafishia picha na kamera yake. Watu walisema Mmeru gani huyo anayeolewa. Hanna hakusema kitu. Aliacha kwenda kumwona baba yake, basi.

Na kamera hiyo haikuwa kitu kidogo katika vijiji vya chini ya Mlima Meru. Kwa miaka mingi Anaeli ndiye aliyepiga picha za kipaimara na za harusi katika sharika nyingi za kule. Ukiingia nyumba ya Mmeru wa makamo, ukutani utakuta picha ya mraba, nyeusi na nyeupe, vijana wamevaa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanang'aa, nyuma yao migomba. Hizo ni za Anaeli. Kamera yake ilikuwa ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Haikuwekwa jichoni. Ilining'inia tumboni kwa ukanda wa ngozi, na mpiga picha alifunua kifuniko cha juu, akainamisha kichwa na kutazama chini kwenye kioo ambamo watu walionekana wadogo, wazi, na wamegeuzwa, wa kulia yuko kushoto. Kwa sababu hiyo Anaeli hakumkodolea mtu macho. Mtu aliyepigwa picha naye aliona upara wake tu, umeinama kama wa mtu anayesali, na baada ya muda alisahau kujikaza. Mlio wa kamera ulikuwa mdogo, kama mtu anayeng'ata ukucha. Wengi hawakujua kama wameshapigwa.

Hanna mwenyewe alikuwa mpiga picha. Alifanya kazi ya harusi na mikutano, kuanzia mjini mpaka kwenye hoteli za Usa River, kwa kamera za kisasa zinazopiga mfululizo kama cherehani. Ufundi wa mwanzo aliupata kwa baba yake huko Akheri, akiwa msichana, katika chumba cha giza alichokijenga mzee pembeni ya jiko. Alijua kuchanganya dawa, kusafisha mkanda, kutoa picha kwenye karatasi. Kitu kimoja hakuruhusiwa, nacho ni kuigusa ile kamera. Alipoinyooshea mkono, baba yake aliihamishia upande wa pili bila kumwambia sababu.

Anaeli alikufa wakati wa mvua za masika. Kwenye msiba ndipo aibu ilipoonekana: mtu aliyempiga picha kila mtu hakuwa na picha yake. Walichukua ile ya kitambulisho cha taifa, wakaikuza, uso wake ukatoka umekorogeka kama uji. Ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza. Hanna aliitazama wakati wote wa ibada, akapata mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa amekaa kiti cha mbele amevaa nyeusi.

Sasa Sifaeli alieleza kilichowaleta. Alisema kwa upole kwamba ukoo umekaa, ukaona kamera ni heri iende kwa mtoto wa damu, ambaye isitoshe kazi yenyewe ndiyo anayoifanya.

"Ukoo ulikaa wapi?" Fransiska aliuliza. "Mimi sikuitwa."

"Ukoo hauiti wapita njia," Hanna alisema.

Sifaeli alimtazama binti wa kaka yake kwa jicho kali, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Fransiska aliuinua ungo wa mchele, akaupeleka jikoni, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye khanga. Alikifungua taratibu. Kamera ilikuwa safi kuliko Hanna alivyoikumbuka. Ngozi yake imepakwa mafuta, vioo vyake havina hata alama ya kidole. Fransiska aliiweka mezani upande wake, akaifunika kwa kiganja.

Alisema hatagombana na maiti wala na ukoo. Kamera wataichukua. Ila ndani kuna mkanda ambao haujaisha, na mkanda huo una picha za Anaeli. Utakapoisha na kusafishwa, waje.

Hanna alicheka. Alisema baba yake mwaka wa mwisho hakuweza hata kushika kikombe kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka. Hizo picha alipiga kwa kutumia nini, miguu?

"Nilizipiga mimi," Fransiska alisema. "Alinifundisha. Mikono ilipomshinda, mimi ndiye nilikuwa mikono yake."

Sifaeli baadaye alisimulia kwamba aliona kitu kinapita usoni kwa Hanna ambacho hakikuwa hasira, lakini hakikukaa. Hanna alivuta kamera kutoka chini ya kiganja cha Fransiska. Alisema huo ni uongo wa kuwachelewesha, kwamba mwanamke huyu ameshaahidiana na mnunuzi, wazungu wa hoteli wanalipa vizuri vitu vya zamani, na wakirudi wiki ijayo wataambiwa imeibiwa.

"Usiifungue," Fransiska alisema. "Hanna, kuna mkanda ndani."

Aliifungua. Alizungusha kitasa cha chini kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya, mgongo wa kamera ukainuka kama mlango wa kibanda. Ndani kulikuwa na karatasi nyeusi, na Hanna akamgeukia baba yake mdogo akasema unaona, karatasi tupu. Akaidaka kwa kidole na kuivuta. Karatasi ililegea, na chini yake ukatokea mkanda wenyewe, mpana, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, ukiwa umelala katika mwanga wote wa dirisha.

Alijua alichokiona. Hakuna mtu mwingine mle ndani aliyejua upesi kama yeye.

"Funga," Fransiska alisema.

Fransiska aliichukua kamera mikononi mwa Hanna, akaikaza karatasi, akaubana mgongo mpaka ukalia. Hakupiga kelele. Alisimama ameikumbatia, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini na kavu.

"Akheri mlimzika mkiwa wengi. Leo umemzika peke yako. Toka nyumbani kwangu."

Waliondoka kwa gari la Hanna mpaka barabara ya lami. Hapo Sifaeli alimwambia Hanna kwamba yeye amekuja kama mzee wa ukoo na ameondoka kama mwizi, na hataongozana naye tena kwenda mahali popote. Alishuka, akavuka barabara, akapanda bodaboda.

Wiki iliyofuata Hanna alipiga picha za harusi Usa River na kazi ilimkataa. Bibi harusi alicheka, akamkosa. Wazee walishikana mikono, akawakosa pia, ingawa kamera yake ilipiga mara nyingi kuliko kawaida. Kila alipofumba macho aliuona ule mkanda kwenye mwanga wa dirisha. Alimpigia simu Fransiska, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta. Alichotaka kusema hakikuwa kuomba radhi. Alitaka kusema kwamba mkanda ule usitupwe.

Fransiska hakuwa na nia ya kuutupa. Alikuwa ameuzungusha mpaka mwisho bila kupiga tena, akautoa gizani chini ya blanketi, akaufunga kwa karatasi ya fedha ya kupikia na kuuzungusha mjini, studio moja hadi nyingine. Studio za Arusha zilikuwa zimeacha siku nyingi kusafisha mikanda ya namna ile. Kijana mmoja wa kaunta aliutikisa sikioni kama yai. Mwingine alimshauri autume Nairobi kwa basi. Fransiska aliuliza ukipotea njiani nani atamlipa, na kijana akasema atarudishiwa nauli ya kifurushi. Alirudi Moshono na mkanda wake ndani ya pochi, amechoka na amekasirika, akamkuta Hanna amesimama nje ya geti.

Ilikuwa Julai, baridi imeshika, Meru yote imefunikwa na wingu. Hanna alikuwa na kikapu.

"Umekuja kumalizia?" Fransiska aliuliza.

Hanna alimwambia kwamba karatasi ile ya mgongoni hulinda, na kwamba sehemu iliyokuwa imeshazungushwa ndani huenda haikuungua yote. Alisema yeye anajua kusafisha. Dawa ya unga ameipata Akheri, kwenye bati la biskuti la baba yake, pakiti hazijafunguliwa, na moja amekwisha kuijaribu kwa kipande cha mkanda, bado ina nguvu.

"Na kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Nani mwingine yupo?"

Fransiska alimwacha amesimama hapo muda mrefu, yeye akiingia ndani, akalisha kuku, akaanua nguo ambazo hazijakauka. Majirani walipita na kuwatazama. Hatimaye alirudi na ufunguo wa stoo.

Anaeli alikuwa ameigeuza stoo ya nyuma ya jiko kuwa chumba cha giza, dirisha limepigwa rangi nyeusi, mlangoni pana misumari ya kuning'iniza blanketi. Rafu moja ilikuwa na kopo la kusafishia lenye gurudumu la plastiki ndani yake, ambalo mkanda huviringishwa kwenye mifereji yake. Hanna alilitambua. Ni lile lile la utoto wake, hata ufa wa kifuniko ulikuwa pale pale. Alipasha maji, akachanganya dawa, akaijaribu kwa kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Kisha akasema anahitaji giza kamili, na anaomba aachwe peke yake.

"Peke yako hapana," Fransiska alisema. Aliingia, akafunga mlango, akatundika blanketi. Giza likawa lile ambalo mtu haoni mkono wake.

Hanna alianza kuchana karatasi. Alitafuta mwanzo wa mkanda kwa ncha za vidole, akaubandua kwenye gundi, akajaribu kuuingiza kwenye gurudumu. Mkono ulitoka jasho pamoja na baridi ile. Mkanda ulikwama, akautoa, akaanza tena. Alisikia pumzi ya Fransiska karibu na bega lake.

"Unatetemeka," Fransiska alisema.

"Sogea. Unanipumulia."

Fransiska hakusogea. Mkanda ulikwama tena. Pengine kama pangekuwa na mwanga, Hanna asingesema alichosema, maana katika mwanga alikuwa na uso wa kulinda. Alimuuliza Fransiska kwa nini hakuitwa. Baba yake aliugua miezi, yeye akapigiwa simu siku ya mwisho hospitalini, akafika kitanda kimeshatandikwa upya. Alisema hiyo hatamsamehe hata mbele ya Mungu.

"Sikukuita kwa sababu sikutaka uje," Fransiska alisema. "Anaeli alikuulizia. Nilimwambia nitakupigia, sikukupigia. Uliwahi kuja hapa ukanitazama kama tope, akakaa siku mbili bila kula. Nikasema zile siku zilizobaki ni zangu. Nilimuuguza mimi, nilimwosha mimi. Nilizitaka ziwe zangu."

Hanna alisimama na mkanda mikononi. Alihisi angeweza kuukunja wote kwa kiganja kimoja, na hakuna ambaye angemwona. Fransiska naye, inaonekana, alihisi hivyo, kwa sababu mkono wake ulitokea gizani na kumshika Hanna kifundo, kwa nguvu.

"Nichukie," alisema. "Lakini kazi uimalize."

"Niachie mkono basi."

Fransiska alimwachia. Hanna aliufuta mkono kwenye sketi, akavuta pumzi, akaanza upya. Safari hii mkanda ulishika mfereji na kuanza kuingia, kidogo kidogo, ukilia kama mchanga laini. Ili asifikirie aliyoyasikia, aliuliza swali jingine, lile ambalo alikuwa amelibeba tangu utoto. Kwa nini alikufundisha wewe? Mimi alinikataza hata kuigusa.

"Nilimuuliza hilo. Alisema una haraka. Alisema kamera ile haimpendi mtu anayetaka picha kabla hajamwona aliye mbele yake. Alitaka ukue kwanza. Halafu ulikua, ukaondoka."

Hanna alifunga kifuniko cha kopo. Waliwasha taa, na wote wawili wakageukia pengine, kila mmoja akiufuta uso wake kwa upande wake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Hanna alimimina dawa, akalipindua kopo na kulirudisha, akaligonga mezani kuondoa mapovu, akatulia, akalipindua tena. Fransiska alishika saa ya mkononi ya Anaeli na kumwambia muda. Dawa ya pili ilipomalizika, Hanna alisuuza kwa maji ya ndoo, akafungua, akauvuta mkanda na kuuinua kwenye balbu.

Sehemu ya mwisho ilikuwa nyeusi tii, mwanga umeila yote. Kurudi nyuma, weusi ulipungua pole pole mpaka ukabaki kama moto uliolamba kingo. Na mwanzoni kabisa kulikuwa na miraba michache iliyopona isipokuwa kingo, na ndani yake mtu ameketi.

Walisubiri ukauke, wakazima tena, wakawasha taa nyekundu, na Hanna akatoa picha ya kwanza kwenye karatasi. Ilichomoza ndani ya karai kama kawaida yake, kwanza vivuli, kisha kola ya koti, kisha macho. Anaeli alikuwa barazani kwenye kigoda, amevaa koti la kanisani. Mikono aliyoibana magotini imetoka na ukungu kwa kutetemeka, lakini uso ulikuwa mkali, kila mkunjo mahali pake. Alikuwa amekunja ndita, mdomo wazi, kidevu mbele. Mtu mkali, anayesema na mtu mjinga.

"Hapo ananigombeza," Fransiska alisema. "Nilimweka jua likiwa mgongoni. Alisema miaka yote hiyo nimejifunza nini."

Hanna alicheka bila kutaka. Fransiska hakucheka, ila hakukasirika. Walizitazama zilizofuata, na katika zote Anaeli alikuwa akielekeza, akikataa, akinyoosha kidole kwamba asogee kule. Katika moja ameziba uso kabisa.

Kisha Hanna akauliza juu ya zilizoungua. Katika zile alikuwaje?

Fransiska alikuwa anasuuza karai. Alisema mzee alichoka kugomba. Alifumba macho, akapumzika kidogo, halafu akafumbua. Zile za mwisho zilikuwa nzuri. Yeye aliziona kwenye kioo cha kamera, akajua kwamba ni nzuri, na ndiyo maana aliacha hapo, hakumaliza mkanda. Hakutaka kupiga kitu kingine juu ya zile.

"Alikuwaje?" Hanna aliuliza tena.

"Hilo sitakuambia."

"Ni baba yangu."

"Na mimi ndiye niliyemwona. Uliziunguza, Hanna. Nilikwambia usifungue, ukafungua. Nikikuambia alivyokuwa, itakuwa kama hukuziunguza. Umebakiwa na anayegomba. Chukua huyo."

Hanna alitaka kusema kitu kibaya na alikuwa nacho tayari. Alimtazama Fransiska ameinamia karai, mikono imepauka kwa dawa, akaona kwamba hakitaleta picha yoyote. Alibeba kikapu chake. Mlangoni aligeuka, akasema ataikuza ile ya kwanza kwa ajili ya ibada ya shukrani, kama mwenye mkanda anaruhusu. Fransiska alisema anaruhusu, lakini mkanda unabaki kwake, na kamera pia.

"Ukoo ulisema," Hanna alianza.

"Mwambie shemeji aje anieleze."

Sifaeli alipoelezwa alikataa kuja. Alisema kamera ikae palipo na mtu anayeifuta vumbi.

Siku ya ibada, Akheri, watu walijaa hadi kwenye mibuni. Jiwe la kaburi lilikuwa limeshajengwa, mchungaji amekuja, na mezani, juu ya kitambaa cheupe, iliwekwa picha kubwa ya mraba ya Anaeli akigomba. Hanna alikuwa ameogopa kwamba wataona ni matusi. Mama mmoja aliyepata kipaimara enzi hizo aliitazama, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga, akasema huyo ndiye aliyenifokea nisifumbe macho. Mwingine akasema hata mimi. Wakaanza kupokezana jinsi walivyofokewa, na kicheko kikapita msibani ambacho ile picha ya kitambulisho isingekileta kamwe.

Pembeni ya picha, upande wa kulia, palikuwa na mchirizi mweupe kama moto, uliokula bega la koti. Mchungaji alimuuliza Fransiska huo ni nini. Fransiska alimtazama Hanna.

"Niliifungua kamera mimi, mkanda ukiwa ndani," Hanna alisema.

"Alikuwa ameambiwa," Fransiska aliongeza.

Mchungaji akaenda kuandaa sala.

Baada ya chakula Sifaeli alitaka picha ya ukoo mbele ya kaburi. Fransiska alikuwa amekuja na kamera ndani ya begi, na bila kuulizwa alimkabidhi Hanna mkanda mpya, akasimama juu yake akimwangalia anavyouweka, akimsahihisha kwa maneno mafupi kila alipokosea. Kisha akamvika ukanda shingoni mwenyewe, kwa mikono isiyo na upole, akaenda kusimama mbali, chini ya mgomba, na mkoba wake.

Hanna alifunua kifuniko na kuinama. Kwenye kioo wote walikuwepo, wadogo, wazi, wakijipanga. Alitaka kuwasogeza kulia, akajikuta anakwenda kushoto; akarudi; akatulia. Hakuwahi kuwatazama watu hao kwa muda mrefu hivyo. Shangazi alikuwa amekonda. Sifaeli alikuwa akitafuna ulimi kama marehemu kaka yake. Na kwenye kona ya kioo, nusu ndani nusu nje, lilikuwepo bega jeusi la Fransiska.

"Ingia," Hanna alisema bila kuinua kichwa.

Fransiska alisema hao ni ukoo, yeye atasubiri.

"Umeshaingia nusu. Unaniharibia picha. Ingia au utoke."

Fransiska alisimama kidogo, akauhamisha mkoba mkono mwingine, kisha akaingia, akasimama mwisho wa mstari, uso umekazwa kama mtu anayesubiri hukumu. Hakuna aliyemsogelea. Sifaeli ndiye aliyepiga hatua moja upande wake, nafasi ikaziba.

Hanna alisubiri. Alisubiri mpaka watu wakachoka kujikaza, mpaka mtoto mmoja akaegemea mguu wa bibi yake na Fransiska akateremsha mabega. Alisahihisha lenzi, akashusha pumzi, akabonyeza. Kina mama wakauliza kama tayari.

Mkanda huo waliusafisha Moshono wiki iliyofuata, wakagombana kuhusu dawa na kuhusu nani aliacha mlango bila komeo. Picha ilitoka vizuri. Katika nakala aliyoitundika mwenyewe sebuleni kwake, Hanna hutazama uso wa mwisho kulia, uso wa mwanamke ambaye hampendi, na hukiri moyoni kwamba ndio uliotoka vizuri kuliko nyuso zote.